Ndani inasema kuna nafasi, nje imejaa: kufuata dalili za diski za mashine pepe hadi kwenye chanzo

Kwenye kikao cha mwisho cha kamati ya harusi, mweka hazina husoma namba mbili: ahadi ni milioni kumi na mbili, taslimu iliyopo mkononi ni milioni nne na nusu. Wajumbe hupigia makofi namba ya kwanza. Mwenye ukumbi anataka kusikia ya pili. Matatizo mengi ya diski za mashine pepe yanaanzia hapo hapo.

Diski ya mashine pepe, au VM kama wengi wanavyosema, ni faili tu, au kipande cha LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski), ndani ya kompyuta ya kweli. Kompyuta ya kweli nitaiita mwenyeji, na mashine inayoishi ndani yake nitaiita mgeni. Ukimpa mgeni diski ya GB 100 ya aina ya qcow2, hujampa kitu bado, umemwahidi. Faili jipya la qcow2 lenye ahadi ya GB 20 huanza na kama KB 200, kisha hunenepa kadiri mgeni anavyoandika. Ndiyo maana SSD ya GB 240 inaweza kubeba wageni wanne wa "GB 100" kila mmoja na mambo yakaenda kwa miezi bila kelele, mpaka siku wote wanne wanapodai walichoahidiwa.

Maelezo haya ni ya KVM na QEMU, programu zinazoendesha mashine pepe, chini ya libvirt inayozisimamia kwa amri ya `virsh`, kwenye Linux, kwa sababu ndiyo ninayoishi nayo. Mgeni wa mfano nimempa jina `duka`. VirtualBox, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, nitaitaja pale inapotofautiana kwa jambo la maana.

## Kabla ya kugusa chochote, soma namba tatu

```
qemu-img info -U /var/lib/libvirt/images/duka.qcow2
```

Hapo utaona `virtual size`, ambayo ni ahadi, na `disk size`, ambayo ni kiasi kilichokwisha kutolewa kwenye diski ya kweli. Alama ya `-U` ni ya lazima mashine ikiwa inafanya kazi, kwa kuwa tangu QEMU 2.10 faili hufungwa kwa kufuli na amri itagoma bila hiyo. Namba ya tatu iko ndani ya mgeni: ingia na uandike `df -h`. Hiyo ni kile mgeni anachodhani anatumia.

Halafu `df -h` kwa mwenyeji. Hiyo ndiyo akaunti ya benki, na haina maneno mengi.

Usitumie `ls -lh` kupima. Faili la diski mara nyingi lina matundu, sehemu ambazo zimehesabiwa kwenye urefu lakini hazijachukua nafasi yoyote. `ls` huhesabu urefu pamoja na matundu. `du -h` huhesabu kilicholiwa kweli. Nimewahi kukaa saa nzima nikitafuta GB 80 ambazo hazikuwahi kupotea, kwa kuamini `ls`.

## Dalili: mashine imesimama yenyewe, haijibu, na hakuna aliyeizima

SSH, njia ya kuingia kwa mbali, inaning'inia na tovuti haifunguki. Ukiandika `virsh list` unakuta `paused`. Uliza sababu:

```
virsh domblkerror duka
```

Jibu likiwa `vda: no space` (`vda` ni diski ya kwanza ya mgeni), akaunti ya mwenyeji imekauka. Mgeni aliandika kitu, faili likataka kukua, na nafasi haikuwepo. QEMU, kwa mpangilio wake wa kawaida, badala ya kumrudishia mgeni hitilafu humgandisha hapo alipo. Huo ni wema, ingawa asubuhi ya Jumatatu hauonekani hivyo. Mgeni hajui kilichotokea. Kumbukumbu yake yote iko salama, na maandishi yaliyokwama yanasubiri kurudiwa.

Kwa hiyo usiizime. Usiandike `virsh destroy`, usiwashe upya seva nzima. Kazi yako ni kupata nafasi kwa mwenyeji, halafu:

```
virsh resume duka
```

na mgeni ataendelea na sentensi aliyoikatisha, akiwa na saa yake nyuma kidogo.

Nafasi inapatikana wapi? Anza na vitu visivyouma: mafaili ya ISO ya usakinishaji ambayo kila mtu huyaacha kwenye `/var/lib/libvirt/images`, bekapu zilizowekwa kwenye diski hiyo hiyo (bekapu ya namna hiyo haina faida kubwa hata hivyo), na logi: `journalctl --vacuum-size=200M`. Angalia pia `df -i`. Mara chache nafasi ipo ila inodi, yaani nafasi za kuandikisha mafaili, zimekwisha, hasa kama patisheni hiyo inabeba na barua pepe au mafaili madogo madogo ya kache.

Umefuta faili kubwa na `df` haijasogea? Kuna programu bado imelishikilia. `lsof +L1` itakuonyesha mafaili yaliyofutwa jina lakini yangali wazi. Nafasi hairudi mpaka programu hiyo ifungwe. Lakini soma vizuri orodha hiyo kabla ya kufunga chochote, kwa sababu nitakayoieleza chini.

Ukiwa umebanwa kabisa na mfumo wa faili ni ext4, kuna akiba ambayo wengi hawaikumbuki. Ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya `root` peke yake. QEMU haifanyi kazi kama `root`; kwenye Debian na Ubuntu ni mtumiaji `libvirt-qemu`, kwenye Fedora na ndugu zake ni `qemu`. Akiba hiyo haimfikii. Kwenye patisheni ya GB 200 hiyo ni GB 10 zilizokaa kabatini. Kama patisheni ni ya diski za wageni tu, na si ile ya mfumo wenyewe:

```
tune2fs -m 1 /dev/sdb1
```

Utapata GB 8 papo hapo, bila kuzima kitu. Zichukue, mwamshe mgeni, kisha anza kufanya usafi wa kweli kwa utulivu.

Kama hutumii mafaili bali LVM-thin, ambako wageni huchangia hodhi moja ya nafasi kwa ahadi, na ambayo Proxmox (mfumo wa kuendesha seva za mashine pepe) huiweka kwenye usakinishaji wake wa kawaida, hali ni kali zaidi. Angalia `lvs`: safu ya `Data%` na safu ya `Meta%`. Hodhi ikijaa, kerneli (kiini cha Linux) husubiri sekunde 60 kwa mpangilio wa kawaida, kisha huanza kurudisha hitilafu, na wageni wanaweza kuishia na mfumo wa faili wa kusoma tu. Watu wengi huangalia `Data%` peke yake. `Meta%` ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa kuwa metadata, daftari la hodhi lenyewe, ikijaa ukarabati wake ni wa `lvconvert --repair` na dua. Iongeze mapema:

```
lvextend --poolmetadatasize +1G vg0/hodhi
```

Kwenye `lvm.conf` kuna `thin_pool_autoextend_threshold`. Thamani yake ya kawaida ni 100, maana yake kujiongeza kumezimwa. Weka 80 na uache nafasi huru kwenye kundi la LVM, la sivyo itataka kujiongeza na isipate pa kukua.

## Dalili: nimefuta GB 40 ndani ya mgeni, faili nje halijapungua hata chembe

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Ukifuta faili ndani ya mgeni, mfumo wake wa faili unaandika tu kwenye daftari lake kwamba bloku zile sasa ni huru. Hakuna anayemwambia mwenyeji. Ni kama mjumbe wa kamati aliyechukua fedha za viti, akaviacha, na hajarudisha fedha wala kusema. Faili la qcow2 linaendelea kushikilia kila bloku iliyowahi kuandikwa.

Ujumbe unaokosekana unaitwa `discard`. Kwenye maelezo ya mashine, `virsh edit duka`, mstari wa diski uwe hivi:

```
<driver name='qemu' type='qcow2' discard='unmap'/>
```

Zima mashine kabisa kisha iwashe. Kuiwasha upya kutoka ndani hakutoshi, kwa sababu mchakato wa QEMU unabaki ule ule na mpangilio wake wa zamani. Halafu ndani ya mgeni:

```
fstrim -av
```

Hapo utaona GB ngapi zimeachiwa. Rudi nje, soma `disk size` tena. Urefu unaoonyeshwa na `ls` unaweza kubaki pale pale. Kinachoshuka ni `du`. Baadaye washa `fstrim.timer` ili kazi hii ifanyike kila wiki bila kukumbushwa.

`fstrim` ikijibu `the discard operation is not supported`, tazama aina ya diski. Kwa `virtio` ya kawaida, aina ya diski iliyotengenezwa kwa ajili ya wageni, `discard` ilianza kukubaliwa QEMU 4.0 kwa upande wa mwenyeji na kerneli 5.0 kwa upande wa mgeni. Mgeni mwenye kerneli ya zamani zaidi muhamishie kwenye virtio-scsi. Na kama ndani ya mgeni kuna usimbaji wa LUKS, ujumbe unazuiwa mlangoni mpaka uongeze neno `discard` kwenye `/etc/crypttab`. Windows ina amri yake ya PowerShell: `Optimize-Volume -DriveLetter C -ReTrim`. Kwenye Proxmox ni kisanduku cha kuweka tiki kwenye mipangilio ya diski.

Kuna tiba ya zamani inayozunguka kila kijiwe: jaza nafasi huru ya mgeni kwa sifuri kwa kutumia `dd`, futa faili hilo, kisha geuza diski kwa `qemu-img convert`. Inafanya kazi. Lakini fikiria unachokifanya: mgeni mwenye ahadi ya GB 100 na matumizi ya GB 30 anaandika sifuri GB 70, na faili linavimba mpaka GB 100 kabla ya kupungua. Watu hufanya hivyo wakati mwenyeji amebakiwa na GB 5. Wanatafuta nafasi na wanamaliza iliyopo, na wageni wengine wote wanaganda kwa pamoja. Mashine ikiwa inaweza kuzimwa, tumia `virt-sparsify --in-place duka.qcow2`, haihitaji nafasi ya ziada.

Kwenye VirtualBox, kwa diski ya VDI inayokua yenyewe, njia ya sifuri bado ndiyo ya kawaida: `zerofree` kwa mgeni wa Linux au `sdelete -z` kwa Windows, kisha nje `VBoxManage modifymedium disk duka.vdi --compact`. Tahadhari ya nafasi ni ile ile.

## Dalili: faili ni kubwa kuliko diski yenyewe

`virtual size` GB 40, `disk size` GB 58. Hesabu haijakosea. Kuna snapshoti za ndani, yaani picha za hali ya diski kwa wakati fulani, na qcow2 huzihifadhi humo humo, pamoja na kumbukumbu ya RAM kama ulizipiga mashine ikiwa hai. `qemu-img snapshot -l` huziorodhesha (ongeza `-U` mashine ikiwa inaendelea). Kuzifuta tumia `virsh snapshot-delete`, au `qemu-img snapshot -d` ikiwa tu mashine imezimwa.

## Dalili: folda imejaa mafaili yasiyoeleweka, au mashine inakataa kuwaka ikisema `Could not open backing file`

Hapa ndipo data hufa.

Snapshoti ya nje haigusi faili la mwanzo. Inatengeneza faili jipya juu yake, na kuanzia dakika hiyo kila kinachoandikwa kinaenda kwenye faili la juu. Bloku isiyopatikana juu inasomwa chini. Ukipiga snapshoti tatu una mnyororo wa mafaili manne, na hakuna hata moja kati yake lililo "la zamani" kwa maana ya kuweza kutupwa. Programu nyingi za bekapu hutengeneza faili la juu, hunakili la chini, kisha huunganisha. Bekapu ikikatika njiani, muungano haufanyiki, na mnyororo unaongezeka pete moja kila usiku bila wewe kujua.

Uone mnyororo wako:

```
virsh domblklist duka
qemu-img info -U --backing-chain /var/lib/libvirt/images/duka.snap2
```

Amri ya kwanza inakuambia mashine inaandika wapi leo. Ya pili inashuka ngazi hadi chini.

Mimi nilifuta faili la msingi. Lilikuwa na jina `duka.qcow2`, tarehe yake ya kubadilishwa ilikuwa miezi mitano nyuma, na pembeni yake kulikuwa na `duka.snap1` lenye tarehe ya siku ile. Nikasema hili la zamani halitumiki. Halikuwa linaandikwa, lilikuwa linasomwa. Nilichookoka nacho ni kwamba mashine ilikuwa bado inaendelea, maana QEMU ilikuwa imelishika faili lile mkononi. Kama yamekufika hayo, usizime chochote. Tafuta namba ya mchakato wa QEMU, kisha:

```
ls -l /proc/4127/fd | grep deleted
cp --sparse=always /proc/4127/fd/14 /mnt/nje/duka.qcow2
```

Badilisha namba kwa zako. Faili la msingi haliandikwi, kwa hiyo nakala itakuwa kamili hata mgeni akiwa kazini. Ndiyo sababu nilikuonya kuhusu `lsof +L1`: mchakato unaoonekana kushikilia takataka unaweza kuwa umeshikilia duka lako lote.

Kama faili halikufutwa bali lilihamishwa folda tu, tatizo ni anwani. Faili la juu limeandika ndani yake njia ya faili la chini. Mashine ikiwa imezimwa, sahihisha anwani:

```
qemu-img rebase -u -F qcow2 -b /diski2/duka.qcow2 duka.snap1
```

`-u` hubadilisha anwani peke yake na haigusi data. Ukiielekeza kwenye faili lisilo lake haitalalamika. Mgeni ndiye atakayelalamika, na mfumo wake wa faili ulioharibika. Na usiache `-F`. Kuacha programu ibahatishe aina ya faili ni mlango wa usalama pia: mgeni mwenye diski ya `raw`, isiyo na kichwa wala jedwali, anaweza kuandika kichwa cha qcow2 cha uongo mwanzoni mwa diski yake, na mwenyeji anayebahatisha akafungua faili ambalo hakukusudia.

Kufunga mnyororo mashine ikiwa hai:

```
virsh blockcommit duka vda --active --pivot --verbose
```

Hii inamwaga yaliyo juu kuyarudisha kwenye msingi na kuihamishia mashine huko. Hakikisha una nafasi kwanza, kwa kuwa faili la msingi litakua kabla ya la juu kufutwa. Ikiisha, `virsh domblklist` ionyeshe `duka.qcow2`, na hapo tu ndipo faili la juu linaweza kufutwa. Orodha ya snapshoti ya libvirt unaisafisha kwa `virsh snapshot-delete duka snap1 --metadata`.

Lipo kosa moja la mnyororo lisilo na dawa. Maabara nyingi huwa na faili moja la msingi lenye mfumo uliokwisha kusakinishwa, na juu yake mafaili ishirini ya wanafunzi. Siku moja mtu anawasha msingi wenyewe "aweke masasisho tu". Mafaili yote ishirini yalitegemea bloku zilivyokuwa, na sasa chini yake zimebadilika. Hakuna amri ya kurudisha. Faili la msingi liwekee `chmod 0444` siku ile ile unapolitengeneza.

## Dalili: kila kitu ni polepole

Watu huilaumu qcow2 haraka mno. Kwanza tazama `iostat -x 2` kwa mwenyeji. Kama diski ni ya kuzunguka, inabeba wageni watano, na `%util` inakaa karibu na 100, aina ya faili haitakuokoa.

Kama diski ya kweli imetulia na mgeni bado anakokota miguu, angalia `bus` kwenye maelezo ya mashine. `ide` au `sata` ni uigizaji wa vifaa vya zamani. `virtio` imetengenezwa kwa ajili ya wageni. Hili peke yake hutatua kesi nyingi.

La pili ni kache. `cache='none'` hupita kumbukumbu ya mwenyeji na kwenda moja kwa moja kwenye diski; `writeback` huitumia kumbukumbu hiyo; `writethrough` husubiri kila kipande kifike, na ndiyo ya polepole. Zote tatu ni halali. `unsafe` ni nyingine kabisa: mgeni akiomba data ishushwe kwenye diski, QEMU humwambia "tayari" bila kushusha. Kasi yake ni tamu, na nimeiona imeachwa kwenye seva za kazi na watu walioiweka wakati wa usakinishaji. Mahali ambapo umeme hukatika na betri ya UPS haijabadilishwa tangu inunuliwe, hiyo ni hifadhidata iliyokufa inayosubiri tarehe.

La tatu huwapata wenye diski kubwa. Qcow2 ina jedwali linaloonyesha kila klasta (kipande cha diski) ya mgeni iko wapi ndani ya faili, na QEMU huweka sehemu ya jedwali hilo kwenye kumbukumbu. Hesabu ni hii: kache mara ukubwa wa klasta, gawa kwa 8, unapata ukubwa wa diski unaofunikwa. Kwa klasta ya kawaida ya KB 64, kache ya MB 1 hufunika GB 8 tu, na hiyo ndiyo ilikuwa hali ya kawaida zamani. Tangu QEMU 3.1 kwenye Linux kikomo ni MB 32, kinachofunika GB 256. Diski yako ikiwa ya TB 1 na hifadhidata inarukaruka kila kona, kila ruko linaweza kuhitaji kusoma jedwali kwanza. Geuza diski iwe na klasta kubwa zaidi:

```
qemu-img convert -O qcow2 -o cluster_size=256k duka.qcow2 duka-mpya.qcow2
```

Kwa KB 256, kache ile ile ya MB 32 inafika TB 1. Gharama yake ni kwamba maandishi madogo kwenye klasta mpya huchukua nafasi zaidi.

Kwenye Btrfs kuna shida yake. Mfumo huo hauandiki juu ya bloku ya zamani, huandika pembeni, na faili la diski linaloandikwa usiku na mchana linageuka chenga. `filefrag` itakuonyesha vipande kwa maelfu. Weka `chattr +C` kwenye folda ikiwa tupu, kisha nakili mafaili yaingie upya. Kwa faili lililokwisha kuwa na data alama hiyo haisaidii. Ujue tu kwamba pamoja na hayo unapoteza ulinzi wa ukaguzi wa data ambao Btrfs hutoa.

## Dalili: nimeongeza diski, mgeni haoni

Kuna tabaka tatu na umegusa moja. Mashine ikiwa hai ni `virsh blockresize duka vda 120G`. Ikiwa imezimwa ni `qemu-img resize duka.qcow2 +20G`. Kisha ndani, patisheni: `growpart /dev/vda 1`. Kisha mfumo wa faili: `resize2fs /dev/vda1` kwa ext4, au `xfs_growfs /` kwa XFS. `growpart` ikikataa, mara nyingi patisheni ya swap imekaa mbele yake kama gari lililoegeshwa getini.

Kupunguza ni habari nyingine. XFS huwezi kuipunguza kama unavyoipunguza ext4, na `qemu-img resize --shrink` hukata mkia bila kuuliza kuna nini. Tengeneza diski mpya ndogo na unakili data.

## Haya yapite haraka

Kisakinishaji kinaona diski ya KB 192: umeandika `type='raw'` kwa faili la qcow2, na mgeni anaona kichwa cha faili badala ya diski. Acha mara moja kabla hajaandika juu yake.

`Permission denied` na faili liko kwenye folda yako ya nyumbani: mtumiaji wa QEMU hawezi kupita mlango wa `/home` yako. Hamishia kwenye `/var/lib/libvirt/images`, na kwenye Fedora malizia na `restorecon`.

`Failed to get "write" lock`: mashine mbili zinataka diski moja, au mchakato wa zamani haujafa. Usitafute namna ya kulikwepa kufuli hilo. Wageni wawili wakiandika kwenye ext4 moja, wanaimaliza kwa dakika chache.

Umegeuza Windows kutoka VirtualBox na inaonyesha `INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE`: haina dreva ya virtio. Rudisha diski kuu kwenye SATA, ongeza diski ndogo ya pili ya virtio, washa, sakinisha dreva za virtio-win, zima, kisha hamisha diski kuu. Kwa wageni wa familia ya RHEL (Linux ya Red Hat) tatizo hilo hilo linatatuliwa kwa kuwaka na kerneli ya uokoaji na kuandika `dracut --force --no-hostonly`.

Flashi inagoma kwenye GB 4: imeumbizwa kwa FAT32, na huo ndio mwisho wake kwa faili moja. Tumia exFAT, lakini yenyewe haijui matundu, kwa hiyo faili la `raw` la GB 100 litafika likiwa GB 100 kamili. Kwa kusafirisha, `qemu-img convert -c -O qcow2` hubana vizuri. Kati ya seva mbili, `rsync -S`.

## Basi kwa mashine mpya nichague ipi?

Qcow2 kwa karibu kila kitu. Nikiwa na wasiwasi na kasi, naongeza `-o preallocation=metadata`, ambayo hutengeneza jedwali lote mapema bila kula nafasi ya data. Hifadhidata kubwa yenye kazi nzito naiweka kwenye `raw` juu ya LVM ya kawaida, nikikubali kupoteza snapshoti za qcow2. Na mgeni ambaye hapaswi kuganda kamwe kwa sababu ya majirani zake nampa fedha taslimu: `preallocation=falloc`, nafasi yote inatengwa siku ya kwanza. VHD, aina ya zamani ya Microsoft, naikwepa, haivuki TB 2. VHDX inafika TB 64 kama uko upande wa Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Microsoft.

## Baada ya umeme kukatika

Zima mashine, kisha `qemu-img check duka.qcow2`. Ikitaja `leaked clusters` peke yake, ni nafasi iliyopotea tu, data haijaguswa, na `qemu-img check -r leaks` inairudisha. Ikitaja `errors` au `corruptions`, usikimbilie `-r all`. Nakili faili lote kwenda diski ya nje kwanza, na ukarabati uufanyie kwenye nakala. Ikiwaka na `fsck` ya ndani ikapita, hamia kwenye nakala hiyo, na lile la asili likae wiki mbili kabla ya kulifuta.